Jason Sendwe (1917-1964): Maisha na Kazi ya Mwanasiasa wa Katanga ya Kaskazini

1. Utangulizi

Katika mji wa Lubumbashi jina la Sendwe halimpiti mtu yeyote. Ni jina la hospitali kubwa ya jimbo, nalo hutajwa kila siku na wagonjwa, wauguzi na madereva. Hata hivyo, ukiwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza Sendwe alikuwa nani, wengi watajibu kwamba bila shaka alikuwa mganga. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Jason Sendwe alikuwa kiongozi wa chama, mjumbe wa Bunge la taifa, naibu wa Waziri Mkuu, na mwisho raisi wa jimbo. Aliuawa akiwa bado katika cheo hicho.

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza kwa Kiswahili, kwa ufupi na kwa utaratibu, maisha ya mwanasiasa huyo. Ya pili inawahusu zaidi wasomaji wa jarida la lugha. Habari za Katanga ya mwaka 1960 husimuliwa kwa sentensi fupi ambayo imekwisha kuwa kama fomula: «Katanga ilijitenga». Tutajaribu kuonyesha kwamba maisha ya Sendwe yanatudai tuichungue sentensi hiyo, hasa kiima chake.

2. Asili na kazi ya kwanza

Sendwe alizaliwa mwaka 1917 katika eneo la Kabongo, nchi ya Waluba wa Katanga, ambayo leo imo katika jimbo la Haut-Lomami. Alisoma katika shule za misheni ya Wamethodisti, kisha akajifunza kazi ya utabibu na kuwa msaidizi wa daktari. Msomaji wa leo asikidharau cheo hicho. Wakati wa ukoloni Mwafrika hakufungulikiwa mlango wa kuwa daktari kamili, na msaidizi wa daktari alisimama karibu na kilele cha ngazi ambayo mwenyeji aliruhusiwa kuipanda. Aliandika taarifa kwa Kifaransa, alizungumza na wagonjwa kwa Kiswahili au kwa Kiluba, na alijulikana katika kambi za wafanyakazi na vijijini pia.

Watu wa namna hiyo, yaani makarani, waalimu na wasaidizi wa madaktari, ndio walioanzisha vyama vya kwanza vya siasa katika Kongo. Vyama vile havikuzuka katika ombwe. Vilitoka katika jumuiya za kusaidiana ambazo watu wa kabila moja au wilaya moja waliziunda mjini, kwa ajili ya kuzika wafu, kupokea wageni na kusuluhisha ugomvi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Sendwe aliongoza jumuiya ya Waluba wa Katanga, na jumuiya hiyo ikageuka kuwa chama cha siasa: Balubakat.

3. Jina la chama

Tusimame kidogo kwenye jina hilo, maana lina siasa nzima ndani yake. Balubakat lina sehemu tatu: kiambishi ba- cha wingi wa watu, shina -luba, na kipande -kat kilichokatwa kutoka neno Katanga. Kiswahili sanifu kingesema «Waluba». Lakini kiambishi ba- hakikumshtua msikilizaji wa Elisabethville, kwa sababu Kiswahili cha mji huo nacho husema «bantu» na «batoto» pale ambapo Kiswahili cha pwani husema «watu» na «watoto».

Kipande cha mwisho ndicho kilichokuwa na uzito. Waluba wa Katanga na Waluba wa Kasai hawana lugha moja. Wataalamu wa lugha za Kibantu huzitenga: Ciluba cha Kasai kimeandikwa L31 katika orodha ya Guthrie, na Kiluba cha Katanga L33. Ni ndugu wa karibu, lakini si pacha. Kwa kuongeza -kat, waanzilishi wa chama walitaka kusema: sisi ni Waluba, nasi ni wenyeji wa jimbo hili. Hawakuuona utaratibu wa kuchagua kati ya sehemu mbili za jina lao. Siasa ya jimbo ndiyo iliyokuja kuwalazimisha wachague.

4. Kuingia Conakat na kutoka

Mwezi wa Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa halmashauri katika miji mikubwa. Katika mitaa ya Waafrika ya Elisabethville, mameya waliotokea hawakuwa watu waliohesabiwa kuwa wenyeji wa Katanga; wengi wao walikuwa wa asili ya Kasai. Jambo hilo liliwaudhi viongozi wa makabila ya kusini. Mwezi wa Oktoba 1958 waliunda Conakat, muungano wa jumuiya za makabila ya Katanga. Godefroid Munongo, wa ukoo wa Msiri, na Moïse Tshombe, mtoto wa mfanyabiashara tajiri wa nchi ya Walunda, walikuwa vichwa vyake.

Mwanzoni mwa 1959 Balubakat ilijiunga na Conakat. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo ikatoka. Sababu zilikuwa mbili, na yafaa zielezwe pamoja. Ya kwanza ni chuki ya Conakat dhidi ya watu wa Kasai. Sendwe na wenzake waliona kwamba neno «mgeni» likisha kuruhusiwa, mpaka wake hausimami: leo linamlenga Mluba wa Kasai, kesho litamfikia ndugu yake wa Katanga. Ya pili ni ukaribu wa Conakat na chama cha walowezi wa Kizungu, ambao walitaka Katanga iwe na serikali yake na mali yake. Balubakat ilitaka Kongo moja. Kwa hiyo iliungana na Fedeka, chama cha watu wa Kasai waliokaa Katanga, kilichoongozwa na Isaac Kalonji, na Atcar, chama cha Wachokwe cha Ambroise Muhunga. Muungano huo uliitwa Cartel.

Mwanzoni mwa 1960 Sendwe alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Mkutano wa Meza ya Duara kule Brussels, uliopanga siku ya Uhuru kuwa Juni 30.

5. Hesabu ya theluthi mbili

Uchaguzi ulifanyika Mei 1960. Sendwe alichaguliwa kuwa mjumbe wa Bunge la taifa kwa kura nyingi sana. Kwa viti vya Bunge hilo vilivyotengewa Katanga, Conakat ilipata 8 na Cartel 7. Katika Baraza la jimbo, lenye wajumbe 60, Conakat ilipata 25 na Cartel ilifuata nyuma kidogo, ikiwa na viti zaidi ya 20. Waliobaki walikuwa wajumbe wa kujitegemea na wa vikundi vidogo, na wengi wao waliegemea upande wa Conakat.

Hapa ndipo sheria ilipogeuka kuwa silaha, na ni lazima tuieleze polepole. Sheria ya Msingi ya Mei 19, 1960, ambayo Wabelgiji waliitunga iwe katiba ya muda, ilidai kwamba theluthi mbili za wajumbe wahudhurie ndipo Baraza liweze kuchagua serikali ya jimbo. Theluthi mbili za 60 ni 40. Basi, wajumbe 21 wakikaa nje, uchaguzi haufanyiki. Cartel ilikuwa na wajumbe wa kutosha kufanya hivyo, na ikafanya. Haikutaka kulivunja Baraza. Ilitaka Conakat ilazimike kugawana serikali nayo, kwa vile kura za pande mbili zilikuwa karibu sawa.

Katikati ya Juni Bunge la Ubelgiji lilibadili Sheria ya Msingi, wingi wa kawaida ukatosha. Siku ya Juni 16, 1960, wajumbe wa Conakat na marafiki zao wakamchagua Tshombe kuwa raisi wa jimbo, na serikali iliyoundwa ikawa karibu yote ya upande mmoja. Ilikuwa wiki mbili kabla ya Uhuru.

Twaweza kubishana kama kususia Baraza kulikuwa njia ya hekima. Wako wanaosema kwamba kungaliwaacha wananchi bila serikali, nao hawasemi uongo. Lakini jambo moja halina ubishi: kanuni ya mchezo ilibadilishwa na asiyekuwa mchezaji, baada ya mchezo kuanza. Tangu siku ile nusu ya jimbo iliiona serikali ya Elisabethville kuwa si yake.

6. Komiseri wa Serikali asiye na ofisi

Patrice Lumumba alipounda serikali ya kwanza ya Kongo, Balubakat ilipata wizara ya Sheria, iliyopewa Rémy Mwamba. Sendwe mwenyewe aliteuliwa kuwa komiseri wa Serikali kwa Katanga, yaani mwakilishi wa serikali ya taifa katika jimbo. Kwa Lumumba uteuzi huo ulikuwa njia ya kurudisha mizani iliyopotea Juni 16. Kwa Tshombe ulikuwa uchokozi: mshindani wake mkubwa angeketi karibu naye, akiwa na mamlaka ya kutazama kila tendo lake.

Sendwe hakupata nafasi ya kuishika kazi hiyo. Julai 11, 1960, Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni nchi huru. Alikuwa na askari na washauri wa Kibelgiji nyuma yake, na fedha za Union Minière, iliyolipa kodi kwa serikali yake badala ya kulipa kwa Kongo.

Sasa turudi kwenye sentensi yetu. Katika kitenzi «kujitenga» kuna kirejeshi -ji-, kinachosema kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Anayesema «Katanga ilijitenga» anasema kwamba mwili mmoja, uitwao Katanga, ulijiondoa wenyewe katika mwili mkubwa zaidi. Lakini mwili ule haukuwa mmoja. Wajumbe wa karibu nusu ya wapiga kura hawakutaka, hawakuulizwa, na wengine wao iliwabidi wakimbie. Tena mkono wa nje ulikuwepo, nao kirejeshi kinauficha kabisa. Mwandishi mwangalifu angesema: «serikali ya Tshombe iliitenga Katanga». Tofauti ni ya silabi chache; lakini katika sentensi ya pili mtenda anaonekana, na Sendwe na watu wake hawahesabiwi tena kuwa wametenda jambo walilolipinga.

7. Vita vya kaskazini

Kuanzia Agosti na Septemba 1960 nchi ya Waluba wa Katanga iliasi: Manono, Kabalo, Bukama, Luena, Malemba-Nkulu. Vijana wa Balubakat, ambao watu waliwaita kwa Kifaransa tu «Jeunesse», walifunga njia, walivunja madaraja na kuwashambulia wale waliowaona kuwa wafuasi wa Tshombe, wakiwemo baadhi ya watemi. Askari wa Katanga wakiongozwa na maofisa wa Kizungu, na baadaye askari wa kukodiwa, walichoma vijiji. Damu ilimwagwa na pande zote mbili. Novemba 8, 1960, karibu na Niemba, askari tisa wa Ireland waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa waliuawa na wapiganaji wa Kiluba, ingawa walikuwa wamekuja kulinda njia na si kuwapiga vita.

Je, Sendwe aliwaongoza vijana hao? Jina lake walilitaja, na chama kilikuwa chake. Lakini mwenyewe alikuwa mtu wa mazungumzo. Mwishoni mwa 1960 alikubali kuzunguka kaskazini chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa ili kuwatuliza watu. Ndipo ulipoanza ufa kati yake na wale waliotaka vita viendelee mpaka mwisho. Mwezi wa Januari 1961, majeshi ya serikali ya Stanleyville yalipofika Manono, kikundi cha Balubakat kilitangaza huko jimbo jipya, «Jimbo la Lualaba», na Prosper Mwamba Ilunga akawa raisi wake.

Msomaji kijana asichanganyikiwe na jina hilo. Lualaba ya 1961 ilikuwa kaskazini, na makao yake yalikuwa Manono. Jimbo la Lualaba lililoundwa mwaka 2015 liko kusini-magharibi, na makao yake ni Kolwezi. Mto ni uleule. Watu na siasa ni tofauti.

Katika Elisabethville yenyewe, mwaka 1961, makumi ya maelfu ya Waluba, wa Katanga na wa Kasai pamoja, walikimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa. Humo kambini hakuna aliyeuliza kama wewe ni wa L31 au wa L33. Yale Sendwe aliyoyahofia mwaka 1959 yalikuwa yametimia: neno «mgeni» lilikuwa limevuka mpaka wake.

8. Léopoldville, kisha Albertville

Agosti 2, 1961, Cyrille Adoula aliunda serikali iliyokusudiwa kuwapatanisha Wakongo, na Sendwe akawa mmoja wa manaibu wake. Hapo alifikia cheo chake cha juu kabisa katika taifa. Lakini nguvu ya mwanasiasa wa jimbo hutoka jimboni, na akikaa mbali mno hupungua, kama moto usiochochewa.

Mwaka 1962 serikali ya taifa iliyagawa majimbo sita ya zamani kuwa madogo zaidi, hata yakafika 21. Julai 11, 1962, miaka miwili kamili tangu tangazo la Tshombe, Katanga ya Kaskazini ikawa jimbo la pekee, na makao yake Albertville, yaani Kalemie ya leo. Mwamba Ilunga ndiye aliyekuwa raisi wa kwanza. Utengano wa Katanga ulikwisha Januari 1963 kwa nguvu ya majeshi ya Umoja wa Mataifa, na Septemba 1963 Sendwe akachukua uraisi wa jimbo la kaskazini.

Alipata alichokitafuta, lakini alikipata kikiwa kimevunjika. Njia za reli na mashamba vilikuwa vimeharibiwa na vita. Vijana waliopigana kwa miaka mitatu hawakuwa na kazi wala shule. Wazee wa chama waligombania vyeo. Katika miezi ya kwanza ya 1964 Sendwe aliondolewa madarakani kwa muda, kisha akarudishwa. Chama kilichomzaa kilikuwa kimepasuka vipande.

9. Mwisho

Uasi uliotoka Kivu ya kusini katika majira ya Aprili na Mei 1964 uliwakuta vijana hao wakiwa tayari kuupokea. Mwishoni mwa Mei uliwaka Albertville. Sendwe alikamatwa na waasi, kisha askari wa serikali wakamkomboa. Mwezi uliofuata mji ukaanguka tena, na Juni 19, 1964, Sendwe aliuawa katika mji uliokuwa mikononi mwa waasi. Alikuwa na umri wa miaka 47 hivi. Miongoni mwa wapinzani wake walikuwemo watu waliokulia katika chama chake. Laurent-Désiré Kabila, aliyekuja kuwa Raisi wa nchi kutoka 1997 hadi 2001, naye alitoka katika vijana wa Balubakat, na mwaka ule alikuwa upande wa uasi.

Julai 10, 1964, wiki tatu tu baada ya kifo hicho, Moïse Tshombe akawa Waziri Mkuu wa Kongo nzima. Mtu aliyeitenga Katanga aliitwa kuiunganisha nchi; mtu aliyeutetea umoja hakuwapo tena kuliona jambo hilo.

10. Hitimisho

Tumwone Sendwe jinsi alivyokuwa. Hakuwa shujaa asiye na dosari: chama chake kilijengwa juu ya kabila, ingawa kilidai taifa, na hakuweza kuwazuia vijana walioua kwa jina lake. Lakini wala hakuwa mtu mdogo. Alitambua mapema kuliko wengi kwamba jimbo likigawa watu wake kuwa «wenyeji» na «wageni», mgawanyo huo hauna mwisho. Waliofukuzwa katika jimbo hilihili, lililokuwa likiitwa Shaba, miaka ya 1992 na 1993, kwa sababu tu ya asili yao ya Kasai, ni ushahidi kwamba onyo hilo halikusikilizwa.

Kwa wanafunzi wa sheria na siasa liko funzo lingine. Chini ya Katiba ya 2006, wanaomchagua gavana ni wajumbe wa Baraza la jimbo, si wananchi moja kwa moja. Basi hesabu ya mwaka 1960 haijawa ya makumbusho. Nani yumo ukumbini, nani yuko nje, na ni nani awezaye kubadili idadi inayotakiwa: hayo ni maswali ya kuuliza kila mara serikali ya jimbo inapoundwa.

Na kwetu sisi wa masomo ya Kiswahili iko kazi inayotungoja. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya mji wa Elisabethville kama watumishi wa nyumbani walivyoiona, na maandishi hayo, yaliyotolewa na Johannes Fabian mwaka 1990, yalionyesha kwamba lugha yetu inaweza kubeba historia yetu. Historia ya kaskazini bado haijabebwa hivyo. Wazee wa Kabongo, Manono na Kalemie waliokuwa watoto mwaka 1960 wamezeeka sana, na wanaosimulia wanazidi kupungua. Mwanafunzi anayetoka huko, akienda nyumbani wakati wa likizo, achukue daftari. Aandike maneno yao kama yalivyosemwa, pamoja na viambishi vyake. Maana, kama tulivyoona, pengine katika kiambishi kimoja ndimo alimojificha mtenda.